Malimbikizo yangu nimelipwa. Je, ya marehemu mume wangu?

Ndugu mshauri,

Salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, umri wangu miaka 68, naishi Texas. Nilifundisha shule za umma miaka 24, nikastaafu mwaka 2020. Pensheni yangu ya mfuko wa walimu, TRS, ni dola 2,700 kwa mwezi. Kama walimu wengi wa hapa, mshahara wangu wa shule haukuwa unakatwa Social Security, yaani mfuko wa serikali kuu wa mafao ya wastaafu na wajane. Ila wikiendi na likizo za kiangazi nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Huko walikata, na polepole nikafikisha krediti 40 zinazotakiwa ili mtu alipwe.

Mume wangu alikuwa dereva wa malori. Alifariki mwaka 2021, tukiwa na miaka 39 ya ndoa. Alikuwa anapokea Social Security dola 1,700 kwa mwezi, ambayo alianza kuichukua alipotimiza miaka 66. Wiki tatu baada ya mazishi nilikwenda kuuliza haki yangu kama mjane. Kijana aliyenihudumia alikuwa na adabu sana. Alichukua kipande cha karatasi akaandika pensheni yangu, 2,700. Akatafuta theluthi mbili yake, ikawa 1,800. Chini yake akaandika 1,700 ya mume wangu, akapiga mstari, akaandika sifuri. Akaniambia, "Mama, pole, sheria ndiyo inasema hivyo." Nikapewa dola 255 za msiba, nikaondoka. Karatasi ile bado ninayo, iko kwenye bahasha moja na cheti cha kifo.

Mwaka 2023 nilipofika umri kamili wa kustaafu niliomba Social Security yangu mwenyewe, ile ya kazi ya wazee. Nikapewa dola 230 kwa mwezi, nikaambiwa imepunguzwa kwa sababu ya pensheni ya ualimu. Halafu Machi mwaka huu, 2025, nikakuta karibu dola 4,000 zimeingia benki, na Aprili hela ya mwezi ikapanda hadi 517. Mwalimu mwenzangu akaniambia ni sheria mpya, wanalipa wenyewe, hakuna haja ya kwenda popote. Nikamshukuru Mungu, nikatulia.

Sasa ni Novemba. Juzi wifi yangu amenipigia simu akisema kuna fedha za kaka yake ambazo sijazichukua. Je, ni kweli? Nikizidai, TRS hawatapunguza pensheni yangu? Na naogopa wakilifungua faili waseme hata zile 4,000 nizirudishe.

La mwisho naliandika kwa haya kidogo. Kuna mzee wa miaka 72, mgane, aliyefanya kazi posta tangu 1979, anataka tuoane. Pensheni yake ni ile ya zamani ya serikali kuu, CSRS, dola 3,000 kwa mwezi. Watoto wangu wanasema nikiolewa nitapoteza haki ya baba yao. Wengine wanasema mke aliyeolewa na mtu ambaye tayari amestaafu hana chake kwenye pensheni hiyo. Naomba unishauri.

Mama Mwalimu, Texas

*

Shikamoo Mama Mwalimu. Pole kwa kuondokewa na mzee wetu, na asante kwa kuniandikia kila kitu na tarakimu zake. Umenirahisishia kazi.

Wifi yako yuko sahihi. Zipo fedha za kaka yake ambazo hujazichukua, si kidogo, na kila mwezi unaopita bila kuomba kuna sehemu yake inayopotea. Kabla hujamaliza kusoma majibu haya, piga simu Social Security, 1-800-772-1213, uwaambie unataka kuomba mafao ya mjane. Taja neno hilo hilo, mjane. Maombi haya huwezi kuyakamilisha kwenye mtandao. Ni kwa simu au kwa miadi ofisini. Mkalimani ukimtaka ni bure, usimlipe mtu.

Sasa nikueleze kilichotokea, maana ukikielewa hata ukipokelewa na mtu mwenye haraka hutayumba.

Karatasi uliyoitunza inaonyesha hesabu iliyokuwa sahihi mwaka 2021. Kijana yule hakukudanganya. Sheria aliyoitumia ilijulikana kwa kifupi kama GPO. Bunge la Marekani liliipitisha mwaka 1977, na mwaka 1983 likaweka kipimo cha theluthi mbili. Ilisema hivi: kama una pensheni ya serikali kutokana na kazi ambayo hukukatwa Social Security, basi theluthi mbili ya pensheni hiyo itolewe kwenye chochote unachostahili kama mke, mume, mjane au mgane. Kwako theluthi mbili ilikuwa 1,800, haki ya marehemu 1,700, ikamezwa yote.

Waliotunga sheria hiyo walikuwa na hoja yao. Mke aliyefanya kazi ya kukatwa Social Security hapewi mafao yake na ya mumewe yote mawili kwa ukamilifu. Anaishia kupata kiasi kile kilicho kikubwa. Mtumishi wa serikali asiyekatwa alikuwa anachukua pensheni yake nzima na ya mumewe nzima. Wakataka kusawazisha. Hoja naielewa, lakini kwa miaka zaidi ya 40 nionavyo mimi shoka hilo liliwaangukia wajane waliokuwa wanazitegemea fedha hizo kulipa kodi ya nyumba. Mwanamke anazika mume aliyekatwa kwenye kila mshahara maisha yake yote, halafu anaonyeshwa sifuri kwenye kipande cha karatasi. Si jambo dogo.

Kulikuwa na sheria pacha, WEP, ya mwaka 1983. Hii haikugusa haki ya mjane. Ilipunguza Social Security uliyoichuma wewe mwenyewe. Ndiyo iliyokata yako ikabaki 230.

Tarehe 5 Januari 2025 Rais Joe Biden alitia saini sheria iliyofuta zote mbili, na ikarudi nyuma kuhesabu kuanzia mafao ya Januari 2024. Kwa hiyo zile karibu 4,000 ni malimbikizo yako halali: tofauti ya 230 na 517 kwa miezi kama 14. Hakuna wa kukudai uzirudishe.

Lakini tazama vizuri walichokulipa. Walirekebisha kitu ulichokuwa tayari umekiomba, yaani Social Security yako mwenyewe. Kompyuta yao ilikuona kama mstaafu anayelipwa kidogo ikakuongezea. Kama mjane huenda haikukuona kabisa, kwa sababu huenda hakuna ombi la mjane lenye jina lako. Mwalimu mwenzako alisema kweli kwa watu waliokuwa tayari na maombi kwenye faili. Kwa ambao waliambiwa "huna kitu" wakaondoka bila kujaza fomu, hakuna anayewatafuta. Hapa ndipo wengi wamekwama, na wengi wao ni kama wewe: wamelipwa kidogo, wakafurahi, wakadhani imekwisha.

Tupige hesabu. Dola 1,700 za marehemu za 2021 zimeendelea kupanda kwenye vitabu kwa nyongeza za kila mwaka za gharama za maisha: asilimia 5.9, kisha 8.7, kisha 3.2, kisha 2.5. Kwa mwaka huu wa 2025 zimefika kama dola 2,070. Kwa kuwa umeshavuka umri kamili, na yeye alianza kuchukua akiwa na umri wake kamili, unastahili asilimia 100 yake. Ila hutapata 2,070 juu ya 517. Utalipwa 517 yako kwanza, halafu wakujazie hadi ifike 2,070. Kwa maneno mengine, kila mwezi unakosa kama dola 1,550.

Swali linalobaki ni watakulipa kuanzia lini, na hapa ndipo naomba uwe mwangalifu. Kwa mtu wa umri wako, ombi jipya la mjane linaweza kurudi nyuma miezi sita tu. Ukiomba Novemba hii, watahesabu tangu Mei. Miezi sita hiyo ni zaidi ya dola 9,000, si haba. Lakini miezi 16 ya kabla yake, Januari 2024 hadi Aprili 2025, ni karibu dola 24,000, na hiyo utaipata tu ikionekana kwamba ombi lako lilikuwepo zamani.

Kwa hiyo usikubali waanze kukujazia fomu mpya kabla hawajaangalia mambo mawili. La kwanza ni siku ile ya 2021. Dola 255 hazitolewi hivihivi. Kuna ombi lilijazwa. Waulize ombi hilo lilihusu nini, na kama siku hiyo kuliandikwa pia dai la mjane likakataliwa kwa sababu ya makato ya pensheni. La pili ni ombi lako la kustaafu la 2023: je, lilikusudiwa kwa mafao yote unayostahili, au uliambiwa uliwekee mpaka liwe la mafao yako peke yake? Waombe wakusomee kilichoandikwa. Kama dai la mjane limo kwenye mojawapo, uwaombe wakulipe tangu Januari 2024, na wakikataa, wakupe uamuzi kwa maandishi. Una siku 60 tangu uipokee barua hiyo kukata rufaa.

Nawe tafuta nyumbani. Kile kipande cha karatasi cha mkono ni ushahidi kwamba uliuliza, lakini barua rasmi ya uamuzi ndiyo yenye nguvu. Pekua ile bahasha na zile za jirani yake. Siku ya miadi nenda na cheti cha ndoa, cheti cha kifo, namba zenu za Social Security na barua ya TRS inayoonyesha pensheni yako. Cheti cha ndoa peleka halisi. Nakala ya kutoa dukani hawaipokei. Vyeti halisi huvirudisha.

Kama kuanzia Januari mwaka huu uliwahi kuwapigia simu ukaambiwa mjane mwenye pensheni bado hapati kitu, andika tarehe na ulichoambiwa. Sheria inaruhusu tarehe ya ombi irudishwe hadi siku ambayo mtumishi wao alimpa mtu maelezo yasiyo sahihi akaacha kuomba. Ila yale ya 2021 hayahesabiki hapo, kwa sababu wakati ule yalikuwa kweli.

Kuhusu TRS, tulia. Makato yote yalikuwa upande wa Social Security. Mfuko wa walimu haujali unapokea nini kwingine; 2,700 yako haiguswi hata senti.

Kitakachobadilika ni kodi. Pensheni yako ya mwaka ni 32,400. Ukiongeza nusu ya Social Security mpya unavuka dola 34,000, kiwango ambacho kwa mtu asiye na mwenza hadi asilimia 85 ya Social Security huingizwa kwenye mapato ya kutozwa kodi ya serikali kuu. Texas haina kodi yake ya mapato, hapo umepona. Malimbikizo yakija kwa mkupuo, mwambie anayekujazia fomu za kodi apige hesabu kwa njia mbili: yote kwenye mwaka uliyoyapokea, au sehemu ya miaka ya nyuma ipimwe kwa mapato ya miaka hiyo. Uchague iliyo nafuu. Unaweza pia kuwaomba Social Security wakukate kodi kila mwezi ili Aprili isikukute mikono mitupu.

Sasa huyo mzee wa posta. Haya ya nini, Mama? Nimefurahi kusoma.

Waambie watoto wasiwe na hofu. Mjane anayeolewa tena baada ya kutimiza miaka 60 hapotezi mafao ya mume wake wa kwanza. Wewe una 68. Ungeolewa ukiwa na 59 maneno yao yangekuwa na uzito, maana hapo haki hiyo husimama kwa muda wote ndoa mpya inapodumu. Hata hivyo, ukiniuliza mimi, ningemaliza maombi ya mjane kwanza halafu ndiyo niende kanisani au kwa karani. Si kwa sababu ya kuficha chochote, ni kwa sababu faili lenye jina moja hujibiwa haraka kuliko lenye majina mawili.

Na hao wanaosema mke wa baada ya kustaafu hana chake, wamekosea pia, ingawa wana chembe ya ukweli. Haki hiyo haiji yenyewe. Mstaafu wa CSRS anayeoa akiwa tayari anapokea pensheni ana miaka miwili tangu siku ya ndoa kuwaandikia OPM, ofisi inayosimamia pensheni za watumishi wa serikali kuu, akisema anataka mke wake mpya abaki na sehemu ya pensheni yake akifariki. Miaka miwili ikipita kimya, mlango umefungwa. Na ndoa iwe imedumu angalau miezi tisa kabla ya kifo, isipokuwa kwa mambo kama ajali.

Sehemu hiyo inaweza kufika asilimia 55. Kwa pensheni ya 3,000 ni kama 1,650 kwa mwezi. Nayo ina bei: pensheni yake itapungua kama dola 277 kila mwezi akiwa hai, pamoja na makato mengine ya kudumu kwa sababu alichagua akiwa ameshaanza kulipwa. Haya mzungumze mkiwa wawili, na karatasi mezani. Wazee wengi huona haya kuuliza, na wengine wana watoto ambao hawataki baba akatwe. Lakini fikiria pia bima ya afya: ili mjane aendelee na bima ya afya ya serikali aliyokuwa nayo kupitia mumewe, lazima awe amewekewa sehemu hiyo ya pensheni, na awe tayari kwenye bima hiyo siku mume anapofariki. Wapo wanaoichagua kwa sababu ya bima tu.

Kama atakuchagua, usihofu kwamba Social Security watakuja tena na theluthi mbili. Hata enzi za GPO, pensheni unayoipata kwa sababu ya kazi ya mume haikuwa inahesabiwa. Ilihesabiwa ile ya kazi yako mwenyewe tu. Wajane wengi walichanganya hapo, wakaacha kuomba kitu ambacho hata sheria ya zamani haikuwanyima.

Yeye naye atafaidika kidogo. Kama hana Social Security yake, mkitimiza mwaka mmoja wa ndoa anaweza kuomba mafao ya mwenza kwenye kumbukumbu yako, hadi nusu ya ile 517. Zamani theluthi mbili ya pensheni yake ya posta ingeimeza yote.

Wasomaji wengine mlio kwenye hali kama ya Mama Mwalimu ila wenzi wenu wako hai: mlango ni huo huo. Mwenza anastahili hadi nusu ya mafao ya mwenzake, kuanzia miaka 62 kwa kupunguziwa, ilimradi mwenzake mwenyewe ameshaanza kuchukua. Waliotalikiana baada ya ndoa ya miaka 10 au zaidi nao wamo, kama hawajaolewa au kuoa tena. Iwapo ulifundisha Texas, California, Ohio, Illinois, Massachusetts au Louisiana na uliwahi kuambiwa usijisumbue kuomba, jisumbue sasa.

Mama Mwalimu, ukipiga simu watakupa tarehe ya miadi. Miadi inaweza kuwa ya mwezi ujao au baadaye, na hilo lisikutishe: siku unayowaambia kwamba unataka kuomba inaweza kulindwa kama tarehe ya ombi, mradi wameiandika na wewe umekamilisha fomu ndani ya muda watakaokupa. Kwa hiyo kabla hujakata simu waulize, "Mmeandika tarehe ya leo?" Chukua jina la aliyekuhudumia, liandike nyuma ya ile karatasi yenye sifuri. Barua ya uamuzi ikifika, nitumie nakala ukiwa umefuta namba zako, tuipitie pamoja tuone wameanza kuhesabu mwezi gani.